Mazoezi ya Dharura Shuleni: Waambieni Watu Kwanza

 

Tarehe 30 Novemba 2015, milio ya risasi ilisikika katika Chuo Kikuu cha Strathmore, jijini Nairobi. Wanafunzi na wafanyakazi hawakungoja kuuliza. Miezi minane ilikuwa haijatimia tangu mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, na kila mtu pale alijua milio ile ingeweza kumaanisha nini. Wengine waliruka kutoka ghorofa za juu. Mfanyakazi mmoja wa chuo alifariki, na makumi ya watu wakapelekwa hospitali. Mshambuliaji hakuwepo. Lilikuwa zoezi, tena lililojulikana na polisi, la kupima jinsi watu wangejiokoa siku ya shambulio la kweli. Chuo kiliomba radhi na kikaahidi kuwahudumia walioumia.

Nimeanza na kisa hiki kwa makusudi, kwa sababu leo nataka tuzungumze juu ya kuwaandaa walimu, wafanyakazi na wazazi kwa siku ambayo tunaomba isije: siku mtu mwenye nia ya kuua atakapoingia shuleni. Tunapenda kusema tahadhari kabla ya hatari, na ni kweli. Lakini tahadhari inayojulikana na watu watano ofisini, huku mamia wengine hawana habari, yenyewe inaweza kugeuka hatari. Shule iliyojiandaa ni ile ambayo mwalimu mkuu, mpishi, bawabu, mwanafunzi na mzazi aliye nyumbani wote wameambiwa mapema watakachofanya.

Turudi nyuma kidogo, Aprili 2, 2015. Siku ya Alhamisi, kabla ya Pasaka. Alfajiri, yapata saa kumi na moja na nusu, watu wanne wenye silaha wa kundi la Al-Shabaab waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa. Walianza kwa kuwapiga risasi walinzi langoni. Wakaenda kwenye ukumbi ambamo wanafunzi Wakristo walikuwa katika sala ya asubuhi, kisha wakaelekea mabwenini. Hadi jioni, wakati vikosi vya usalama vilipomaliza mapambano, watu 148 walikuwa wameuawa, 142 kati yao wakiwa wanafunzi.

Mambo mawili ya siku ile yanatuhusu leo. La kwanza, tahadhari zilikuwepo. Siku chache kabla ya shambulio, kulikuwa na taarifa za kijasusi kwamba chuo kingeweza kulengwa, na baadhi ya vyuo vilikuwa vimewatahadharisha wanafunzi wao. Kuwa na habari hakukugeuka kuwa kinga kwa vijana waliolala Garissa usiku ule. La pili, msaada ulichelewa. Kikosi maalum cha polisi kilitoka Nairobi, zaidi ya kilomita 350, na kilifika mchana, saa nyingi baada ya risasi ya kwanza.

Tusidhani kuchelewa ni tatizo la nchi zetu peke yake. Tarehe 24 Mei 2022, katika Shule ya Msingi ya Robb mjini Uvalde, jimbo la Texas, Marekani, kijana mmoja mwenye bunduki aliwaua watoto 19 na walimu wawili. Polisi walikuwa tayari wamo ndani ya jengo, wamesimama kwenye ukumbi. Walikaa dakika 77 kabla ya kuingia katika madarasa aliyokuwamo muuaji, na katika muda huo watoto walikuwa wakipiga simu kuomba waokolewe. Basi, kama hilo latokea katika nchi yenye askari wengi na magari mengi, mwalimu wa shule iliyo kilomita 40 kutoka kituo cha polisi, barabara ya matope, ajue hivi: dakika za kwanza ni zake yeye na watu alio nao.

Sasa dakika hizo zitumiwe vipi? Wamarekani wana fundisho la maneno matatu, lililoenea baada ya Jiji la Houston kulitolea filamu fupi mwaka 2012: kimbia, jifiche, pambana. Kama kuna njia salama ya kutoka, toka na uende mbali. Kama hakuna, jifungie, zima taa, nyamaza, na ukae mbali na mlango. Kupambana ni jambo la mwisho kabisa, na ni la watu wazima, si la mtoto wa darasa la pili. Fundisho ni fupi na linashikika. Lakini tukilichukua na kulipachika katika shule zetu bila kutazama majengo yetu, tutajidanganya.

Chukua hilo la kujifungia. Baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook ya Desemba 2012, jimbo la Connecticut liliunda tume, na moja ya mapendekezo yake makuu lilikuwa kwamba kila darasa liwe na mlango unaofungwa kutoka ndani. Mlango uliofungwa humchelewesha mshambuliaji, na mara nyingi humfanya aende kwingine. Sasa njoo kwetu. Katika shule zetu nyingi za umma, darasa hufungwa kwa kufuli, na kufuli liko nje. Ufunguo anao kiranja. Ndani hakuna komeo, hakuna hata msumari wa kutundikia kamba. Mwalimu anayetaka kujifungia na watoto 60 hana cha kufungia.

Na pale tulipo na cha kufungia, tuna hatari nyingine inayotusubiri, nayo ni moto. Tarehe 16 Juni 2023, usiku, waasi wa ADF walivamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, wilaya ya Kasese nchini Uganda, karibu kabisa na mpaka wa Kongo. Walionusurika walieleza kwamba wavulana walijifungia ndani ya bweni lao. Waasi waliposhindwa kuingia walilichoma moto. Waliouawa usiku huo, shuleni na jirani, walizidi 40, wengi wao wanafunzi. Wale wavulana walifanya jambo ambalo mwongozo wowote ungewaambia wafanye. Walichokosa ni mlango wa pili.

Kenya tunalijua somo hilo kwa machozi. Machi 2001, katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, wavulana 67 waliteketea bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na nondo. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni, na maneno yake juu ya mabweni yako wazi: mlango kila upande wa bweni, na mwingine wa dharura katikati, milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na nondo, mlango usifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani. Lakini Septemba 2017 tulizika wasichana wa Moi Girls, Nairobi, na Septemba 2024 tukazika wavulana 21 wa Hillside Endarasha, Nyeri.

Kwa hiyo ukisikia mwalimu mkuu anasema ameimarisha usalama kwa kuweka nondo kila dirisha na kufuli kila mlango, muulize swali moja: watoto watatokea wapi? Komeo liwe la ndani, ambalo mtoto anaweza kulifungua gizani kwa mkono mmoja. Na mpango wa mvamizi uandikwe pamoja na mpango wa moto, kwenye karatasi ileile, na watu walewale, kwa kuwa mlango ni uleule.

Tuje kwa watu wenyewe. Nani anayemwona mvamizi kwanza? Ni bawabu. Na bawabu ndiye asiyeitwa kwenye mkutano wa wafanyakazi. Anapewa rungu, tochi na daftari la wageni, basi. Gari likifika na mtu aliyevaa suti nzuri, akisema ametoka ofisi ya elimu, bawabu anafungua kwa sababu mara ya mwisho alipomzuia mkubwa aligombezwa. Mlinzi anayeogopa kugombezwa hawezi kulinda. Apewe idhini, mbele ya walimu wote, ya kumzuia mtu yeyote langoni hadi ofisi ithibitishe kwa simu. Aliyevaa sare naye aulizwe. Mwaka 2014, Boko Haram walipowateka wasichana wa Chibok nchini Nigeria, waliingia shuleni wamevaa sare za jeshi, wakawaambia wasichana kwamba wamekuja kuwalinda.

Bawabu apewe pia njia ya kuitaarifu shule nzima bila kutembea hadi ofisini. Shule nyingi zina kengele moja tu kwa kila jambo: kengele ya chakula ndiyo ya gwaride, ndiyo ya moto. Mvamizi akiingia na kengele ile ikapigwa, watoto watatoka wote kwenda uwanjani, mahali ambapo hawapaswi kuwa. Lazima kuwe na mlio wa pili, tofauti kabisa, wenye maana moja tu: kaeni mlipo, jifungieni. Filimbi inatosha, mradi kila mtu anaijua na haipulizwi kwa jambo jingine.

Mpishi naye aitwe. Yeye huamka saa kumi usiku, wakati walimu wamelala. Dereva, matroni, mhudumu wa usafi, wote waitwe. Mazoezi ya kwanza kabisa hayahitaji hata mwanafunzi mmoja. Kaeni wafanyakazi wote kuzunguka meza, mchore ramani ya shule kwenye karatasi kubwa, kisha mwalimu wa zamu aulize: ni saa tatu asubuhi, mtu mwenye panga ameingia kwa lango la nyuma, darasa la kwanza wako nje, nani anafanya nini? Mtashangaa ni mambo mangapi yatajitokeza katika saa moja. Mtagundua kwamba ufunguo wa lango la pili anao mtu aliyehama mwaka jana. Mtagundua kwamba hakuna aliye na nambari ya mkuu wa kituo cha polisi. Nambari za dharura nchini Kenya ni 999 na 112, lakini nambari ya kituo kilicho karibu nayo ibandikwe ofisini, jikoni na kibandani kwa bawabu.

Nasema panga kwa sababu mvamizi si lazima awe gaidi. Anaweza kuwa mume aliyetalikiana na mwalimu, akaja na kisu. Anaweza kuwa mlevi wa mtaani, au kijana aliyefukuzwa shule juzi. Shule nyingi hazitaona bunduki kamwe. Mpango mzuri ni ule unaofaa kwa hawa wote, na mara nyingi mtu wa namna hii huonekana mapema: ametishia mtu, amesema, ameandika ujumbe kwenye simu. Mwalimu anayetishwa nyumbani kwake awe na mahali pa kusema bila kuaibishwa, na lango lijue kwamba fulani asiingie.

Baada ya meza ndipo tuje kwa wanafunzi, na hapa ndipo nataka tuwe waangalifu sana. Zoezi la kushtukiza lisifanyike. Zoezi litangazwe, tena litangazwe zaidi ya mara moja: kwenye gwaride, kwa barua kwa wazazi, na dakika chache kabla ya kuanza. Pasiwepo bunduki hata ya bandia, pasiwepo risasi baridi, pasiwepo mtu wa kujifanya gaidi wala damu ya rangi. Watoto wafundishwe njia ya kutoka, waifuate kwa utulivu, wahesabiwe, warudi darasani. Mara ya pili wafundishwe kukaa kimya mlango ukiwa umefungwa. Basi. Mtoto mdogo haelezwi habari za wauaji. Anaambiwa kwamba mwalimu akitoa ishara hii, sote tunakaa chini kando ya ukuta na kunyamaza mpaka atuambie.

Wapo watakaosema zoezi lililotangazwa halina uzito, kwamba watu hujifunza wakiogopa. Ushahidi unakataa. Siku kumi tu baada ya Garissa, Aprili 12, 2015, hitilafu ya umeme ililipuka alfajiri karibu na mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Kikuyu. Wanafunzi waliojaa hofu walidhani wamevamiwa, wakaruka kutoka ghorofani. Mmoja alikufa na zaidi ya 100 wakaumia. Hofu walikuwa nayo tele. Walichokosa ni mahali pa kukimbilia walipopajua na sauti moja ya kuwaambia ni nini kimetokea. Huko Marekani, ambako mazoezi haya yamekuwa desturi, Januari 2019 walimu wa shule moja ya msingi katika jimbo la Indiana walifyatuliwa risasi za plastiki wakati wa mafunzo, wakabaki na majeraha. Mwaka uliofuata vyama viwili vikubwa vya walimu nchini humo vilijiunga na wanaotaka udhibiti wa bunduki kudai mazoezi ya kuigiza mashambulio yaachwe, na kwamba wazazi wajulishwe kabla ya zoezi lolote.

Na sasa mzazi. Mzazi, nakuomba usogeze kiti.

Siku ya shambulio, habari itakufikia kwa simu kabla haijafika kwa polisi. Itakuja na picha, nyingine za kweli, nyingine za mwaka jana kutoka nchi nyingine. Moyo wako utakuambia ukimbilie shuleni, na sina uwezo wa kukulaumu. Lakini fikiria barabara moja inayoingia shuleni, na wazazi 400 wamefika kwa pikipiki, matatu na magari. Ambulensi itapita wapi? Askari watamtofautishaje mvamizi na baba aliyebeba panga kumwokoa mwanawe? Na usimpigie mtoto aliyejificha, kama ana simu. Mlio wake unaweza kumfichua. Mtumie ujumbe, mwambie aizime sauti, na ungoje.

Ili uweze kungoja, lazima uwe na mahali pa kungojea. Baada ya Garissa, manusura walisafirishwa kwa mabasi hadi Uwanja wa Nyayo, Nairobi, wakapokewa na jamaa zao. Familia nyingine zilikuwa katika chumba cha maiti cha Chiromo, zikitafuta nyuso za watoto wao kwa siku kadhaa. Hatuwezi kuuondoa uchungu huo, lakini tunaweza kupunguza mateso ya kutojua. Shule ichague mapema mahali pawili nje ya eneo lake, kwa mfano kanisa, msikiti au uwanja wa chifu: mahali pamoja wanafunzi watakapopelekwa, na mahali pengine wazazi watakapongojea. Rejista ya kila darasa iwe na nakala nje ya shule. Nambari za wazazi zisahihishwe kila muhula, maana wengi wetu tumebadilisha laini. Na mtoto asikabidhiwe kwa yeyote ila aliyeandikwa, hata kama anayekuja ni mjomba analia.

Kuna wazazi, nawajua na ninawaheshimu, wasiotaka jambo hili litajwe kabisa. Wanasema kutaja shari ni kuiita. Naelewa. Lakini watoto wetu wanaisikia shari hiyo redioni na kuiona kwenye simu zetu. Wanajua tayari. Ambacho hawajui ni kama watu wazima wana mpango. Ukikaa na mwanao jioni ukamwambia, kwa sauti ya kawaida, kwamba shule ina njia ya kutokea, kwamba atamsikiliza mwalimu wake, na kwamba wewe unajua mahali pa kumpata, unamwondolea mzigo. Na likitokea jambo, hata zoezi tu, akaanza kukojoa kitandani au kukataa shule, usimchape wala kumwita mwoga. Atafutiwe mshauri. Msalaba Mwekundu wa Kenya wana nambari 1199, na simu ya kusaidia watoto ni 116, zote hazilipiwi.

Utaniuliza: pesa zitoke wapi? Mengi ya niliyoyasema hayahitaji fedha. Komeo la chuma na filimbi havishindi karo ya mtoto mmoja kwa muhula. Meza, karatasi na saa moja ya mkutano ni bure. Kuna kazi ambazo ni za serikali, na tusiziache zipite: walimu wanaofundisha karibu na mpaka wanahitaji ulinzi wa kweli. Januari 2020 walimu watatu waliuawa huko Kamuthe, Garissa, na baada ya hapo Tume ya Utumishi wa Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Kaskazini Mashariki. Watoto wa kule wakabaki madarasani bila walimu. Filimbi haiwezi kutatua hilo. Linahitaji askari walio karibu na barabara inayopitika.

Lakini yaliyo mikononi mwetu tuyafanye. Mwalimu mkuu, kabla ya zoezi lolote, waambie watu wote, na ukishindwa kuwaambia, usilifanye. Mzazi, mkutano ujao wa wazazi na walimu usimalizike kwa kuzungumzia karo na matokeo peke yake. Simama uulize: mlango wa bweni unafungukia upande gani, mlio wa kujifungia ni upi, na mimi nitamngojea mwanangu wapi? Kama hakuna jibu, mkutano huo usifungwe mpaka litafutwe, na jina la atakayelileta liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.